Nilimfuma kwa mama lishe

Mwezi huu sijamhoji mtaalamu wa saikolojia wala mshauri wa ndoa. Nina kisa changu mwenyewe, na mume wangu nimemwomba ruhusa kabla ya kukisimulia. Alicheka, akasema, "Andika tu, ila useme ugali ulikuwa wa dona." Basi, nimeshasema.

Wengi wenu mnajua kwamba naishi Mbeya, maeneo ya Soweto. Mume wangu alihamishiwa Iringa kikazi mwaka juzi. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 300 za lami. Unapita Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, na matrafiki usiohesabu. Tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi mmoja atamfuata mwenzake. Na kwa kuwa tunaonana mara chache, kila tukionana lazima tutoke. Na siyo kutoka kwa kubabaisha, ni mtoko hasa: hoteli yenye zulia, mhudumu mwenye tai, sahani kubwa na chakula kidogo katikati, juisi yenye mrija na kimwavuli cha karatasi. Bili haikuwahi kushuka chini ya shilingi 80,000. Analipa yeye, mimi napiga picha. Maisha si ndiyo hayo?

Sasa, mwezi wa nane mwaka jana alikuja Mbeya na akaniachia simu yake nitafute namba ya fundi. Naapa sikuwa na nia mbaya. Ila macho hayana pazia. Nikakuta meseji za miamala: Ijumaa, shilingi 21,000. Ijumaa ya nyuma yake, 21,000. Nyingine 19,000. Zote zimeenda kwa mtu mmoja, jina la kike.

Shoga, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nitalirudia huko mbele. Badala ya kumuuliza mwenye simu, nikaenda kumuuliza rafiki yangu wa ofisini, ambaye hajawahi hata kufika Iringa. Akanijibu kwa uhakika kabisa: "Hiyo ni nyumba ndogo, tena ya bei rahisi." Usiku huo sikulala.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la alfajiri bila kumwambia mtu. Njia nzima napanga maneno. Nikashuka stendi ya Igumbilo, nikachukua bajaji, tukaupanda ule mlima hadi mjini. Kufika ofisini kwake, mlinzi akanisalimia kwa heshima zote, "Kamwene mama," akasema bosi hayupo, ni saa ya chakula. "Atakuwa kwa mama yake kule Mlandege. Ukiona turubai la bluu, hapohapo."

Kwa mama yake? Mama mkwe wangu anaishi Tanga! Miguu ikawa mizito.

Turubai la bluu nikaliona. Chini yake kulikuwa na mabenchi mawili, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, majiko matatu ya mkaa na masufuria yamefunikwa. Wanaume wa karakana, dada wa duka la vocha, wanafunzi wawili. Na katikati yao mume wangu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, anakata tonge la ugali kama mtu aliyezaliwa hapo. Aliponiona, tonge likabaki hewani.

Mwenye lile jina la kwenye simu alikuwa mama wa miaka sitini na ushee, kanga mbili, mwiko mkononi. Nikajikuta nasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mkwe wangu wa Mbeya? Mbona picha zako zinakunenepesha!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishaanza kumwambia mume wangu tutoke nje tuongee, yule mama akanishika bega. "Mkwe, kaa kwanza ule. Maneno ya njaa hayana akili."

Nikakaa, nikaletewa ugali wa dona, samaki wa Mtera wa rosti, maharage na mboga ya chainizi. Shilingi 2,000 tu. Na wallahi, msomaji wangu, sijala chakula kitamu namna ile kwenye ile hoteli ya zulia hata mara moja. Nilimaliza sahani huku nimekasirika.

Tulipotembea kurudi ofisini kwake ndipo akaniambia yote. Mwanzoni mwa mwaka alimdhamini ndugu yake kwenye mkopo. Ndugu akashindwa kulipa, makato yakahamia kwenye mshahara wake. Miezi minane alikuwa anaishi kwa kilichobaki, na bado anatuma ada ya mtoto na kodi ya nyumba ya Mbeya kama kawaida. Kwa hiyo akaingia makubaliano na yule mama: chai ya asubuhi shilingi 1,000, chakula cha mchana 2,000, jioni anapita na kilichobaki bila malipo. Anaandikwa kwenye daftari, analipa kila Ijumaa. Piga hesabu mwenyewe: 3,000 mara siku saba.

Mimi nilipiga hesabu nyingine. Ile 80,000 ya mtoko wetu wa usiku mmoja ilikuwa sawa na karibu mwezi mzima wa yeye kula. Alikuwa anajibana wiki nne ili mimi nipige picha na juisi ya kimwavuli.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unafurahi sana pale hotelini," akasema. "Sikutaka uone mumeo ameshindwa."

Hapo nililia. Nilikasirika kwa kufichwa, na sitaki mtu asome hapa akadhani kuficha deni la miezi minane ni mapenzi. Siyo. Lakini niliona aibu pia. Miezi yote hiyo nilikuwa namuuliza tutakula wapi, sikuwahi kumuuliza amekula nini.

Niliporudi Mbeya nikamsimulia dada mmoja jirani yangu, ambaye alisoma Guangzhou, kule kusini mwa China. Akaniambia huko hakuna anayeshangaa. Watu wa Guangzhou na Hong Kong wana chakula chao kinaitwa dim sum: vitafunio vidogovidogo, vingi vinapikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Kuna vya kamba, vya nguruwe, na maandazi meupe yaliyojazwa nyama. Vinaliwa asubuhi hadi mchana kwa chai, na chai ndiyo mwenyeji. Wenyewe wakialikana husema twende tukanywe chai. Babu anakaa na gazeti lake, wachumba wanakaa pembeni, familia nzima inazunguka meza, kelele tupu. Ukimiminiwa chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yenyewe. "Na unajua dim sum maana yake nini?" akaniuliza. "Zile herufi zake mbili ni gusa na moyo. Kinachogusa moyo."

Alikuwa amepita na Vietnam pia. Sisi Wavietnam tunawajua zaidi kwa laini ya Halotel iliyoanza kazi nchini mwaka 2015, lakini kwao asubuhi inaanza na pho. Hiyo ni supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka kwa saa nyingi na tangawizi, mdalasini na viungo vingine, inamwagwa juu ya tambi za mchele na majani mabichi. Unailia kando ya barabara kwenye kiti cha plastiki kifupi hadi magoti yanagusa kidevu. Mwenye suti na mwenye ndala wanakaa benchi moja.

Nikamwambia, dada, hiyo si chapati supu ya Mwanjelwa? Akacheka, akasema tofauti ni tambi tu, na mchele tunao. Kweli jamani, mkoa wenye mchele wa Kyela na wa Mbarali tushindwe na nini? Na hivi vitafunio vyetu, sambusa, bagia, vitumbua, maandazi, na kikombe cha chai iliyolimwa Rungwe au Mufindi, ni kitu gani kama siyo dim sum yetu? Mbeya hii ilishapokea maelfu ya Wachina waliokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Leo sokoni tunanunua chainizi bila hata kuwaza jina limetoka wapi. Chakula cha bei ndogo hakijawahi kuwa aibu kwa taifa lolote. Sisi vijana wa ofisini ndio tuliojifunza kukionea aibu, tukianzia na picha za kwenye simu.

Basi siku hizi mtoko wetu umebadilika. Akija Mbeya, Jumamosi asubuhi tunashuka wote Mwanjelwa na masweta yetu, maana baridi ya huku mwezi wa sita mnaijua. Supu mbili, chapati nne, limao na pilipili. Nikienda Iringa tunakula kwa mama, na mimi naosha vyombo ili nisiitwe mgeni. Mara moja moja tukiwa na nafasi tunakwenda mkahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa Iringa mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambako tulihudumiwa na vijana viziwi na kuagiza kwa kuandika na kwa ishara. Pale nilijifunza kumwangalia usoni mtu ninayeongea naye. Ni somo zuri kwa wanandoa.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, nina machache ya kuwaambia.

Kwanza, chagua mahali kwa macho. Angalia maji ya kunawa, angalia kama vyakula vimefunikwa, angalia wanaorudi. Penye foleni ya madereva na wafanyakazi wa karibu, sufuria halilali, kila siku chakula ni kipya. Ulizia saa ya kuiva pia. Supu ya saa moja asubuhi siyo supu ya saa tano.

Pili, kubalianeni kiasi kabla ya kutoka nyumbani. Siyo pale bili inapoletwa, mmoja anajifanya anatafuta pochi na mwingine anaangalia dari. Semeni wazi: leo tuna 10,000. Utashangaa jinsi 10,000 inavyowatosha watu wawili waliokubaliana.

Tatu, simu ziwe mfukoni. Kwenye benchi la mama lishe hamna muziki wa kuwafichia ukimya. Mkikosa la kuzungumza pale, tatizo siyo mgahawa.

Nne, na hili nalisema kwa wanaume na wanawake: ukiona kitu kwenye simu, muulize mwenye simu. Usimuulize shoga yako. Mimi nilitumia nauli ya kwenda na kurudi, usingizi wa wiki mbili na machozi kibao kwa jambo ambalo lilihitaji swali moja tu.

Tano, kama una deni, sema. Mwenzako anaweza kukasirika, lakini hasira ya kuambiwa huisha haraka kuliko ya kugundua. Na wewe unayeambiwa, usimfanye ajute kusema. Jibu la kwanza utakalotoa siku hiyo ndilo litakaloamua kama ataleta na siri ya pili.

Msidhani kwamba kila kitu kimekwisha kwetu. Makato bado yana mwaka mmoja na ushee, na yule ndugu sijamaliza naye. Mwezi uliopita tuligombana tena, safari hii kuhusu mchango wa harusi. Lakini tuligombania kwenye benchi, tukiwa tumeshiba, na bajeti imeandikwa nyuma ya kalenda ambapo wote tunaiona. Kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe, najua anachokula na yeye anajua ninachoogopa.

Ijumaa iliyopita niliituma ile 21,000 mimi mwenyewe kutoka kwenye simu yangu. Mama akanipigia papo hapo: "Mkwe, umezidisha. Wiki hii alikula siku sita tu, Jumapili alialikwa. Nimekuandikia 3,000, utakuja kuila."

Mwishoni mwa mwezi huu nakwenda kuila. Je, wewe na mwenzako mna benchi lenu? Tuandikie kupitia anuani yetu, tutachapisha visa vitakavyotugusa. Tukutane mwezi ujao, na kabla ya kulala leo, muulize mwenzako amekula nini.