Sita ya Gleason si Sita ya Mtihani

Majibu ya vipimo vya tezi dume hufika nyumbani yakiwa karatasi ya herufi na tarakimu, na mara nyingi shemeji na jirani huyasoma kabla daktari hajayaeleza. Hapo ndipo maneno mengi ya uongo yanapozaliwa.

"PSA imepanda, basi ni saratani." Hapana. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yoyote, nzima au yenye ugonjwa. Hupanda tezi ikipata maambukizi, ikitanuka kwa umri, hata baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Wapo wenye 6 wasio na saratani na wenye 3 walio nayo. Kinachothibitisha ni kinyama kilichochukuliwa kwenye tezi na kuangaliwa kwa hadubini.

"Kinyama kikikatwa, saratani inasambaa." Hilo ni nadra mno. Cha kuangalia ni maambukizi, na damu kidogo kwenye mkojo au shahawa kwa muda.

"Gleason 6 kati ya 10, imeshapita nusu!" Hili linaniuma, kwa sababu limewakosesha wazee usingizi bila sababu. Alama hizi zilibuniwa na Donald Gleason, daktari wa Marekani, katika miaka ya 1960. Mtaalamu hutazama jinsi chembe zilivyoharibika mpangilio, akatoa namba kwa mpangilio uliotawala na nyingine kwa unaofuata, kisha akajumlisha. Siku hizi namba 1 na 2 hazitolewi kwenye kinyama, kwa hiyo ndogo kabisa ni 3+3. Sita ndiyo ngazi ya chini. Na saba zenyewe hazilingani: 4+3 ni kali kuliko 3+4. Omba usomewe namba zote mbili, usiridhike na jumla.

"Daktari kusema tufuatilie kwanza ni kumkatia mgonjwa tamaa." Ufuatiliaji una ratiba: PSA, MRI, kinyama tena, na tiba ikihitajika. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwafuata wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi. Baada ya miaka 15 hivi, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, wawe walifanyiwa upasuaji, walipigwa mionzi au walifuatiliwa tu. Ni kweli kwamba kwa waliofuatiliwa ilisambaa zaidi, ndiyo maana miadi hairukwi.

"Imefika mifupani, sasa ana saratani ya mifupa." Bado ni ya tezi dume, na inatibiwa hivyo, kwa kushusha homoni ya kiume, njia ambayo Charles Huggins na Clarence Hodges waliionyesha mwaka 1941. Mgonjwa wa aina hii akiumwa mgongo huku miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukigoma, uti wa mgongo huenda unabanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.