Darubini ya ndege: msinunue kwa namba kubwa

Ndugu zangu mnaoleta bidhaa Bujumbura kutoka Kigoma na Dar es Salaam, leo nina ombi. Mkiagizwa darubini ya kutazamia ndege, msichukue ile yenye namba kubwa mkidhani ndiyo bora.

Penye maandishi 8x42, nane ni mara ambazo kitu kinakuzwa, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukikuza mara 16 unakuza pia mtetemo wa mkono wako, na eneo unaloliona linakuwa dogo: mdiria keshapita juu ya maji, wewe bado unamtafuta. Ziko pia ndogo za mfukoni, 10x25. Mchana zinafaa, lakini kioo cha 42 hupokea mwanga karibu mara tatu ya kile cha 25, na alfajiri ndiyo saa ya ndege. Zile zinazojigamba kukuza mara mia, ziacheni dukani.

Kwa wadudu swali ni jingine: inaona karibu kiasi gani? Kereng'ende anataka darubini inayoona sawasawa hata kwa mita mbili. Pimeni hapo hapo kwa kutazama vidole vyenu vya miguu; muuzaji atacheka, mwacheni acheke. Kisha tazameni ukingo wa paa la mbali. Ukiona kingo mbili, vioo vimehama. Za mitumba zimulikeni ndani kwa tochi, maana kuvu ikishaota kwenye lenzi, kitambaa hakiifikii.

Kwa nini mwalimu anahangaika na haya? Wengi wetu tuliosomea ukimbizini Tanzania tulirejea bila kuijua nchi yetu. Delta ya Rusizi, kilomita chache tu kutoka mjini, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Watoto wetu wanaisikia kwa viboko na mafuriko tu. Na kwa kuwa kiboko hasogelewi, darubini si anasa. Moja ya 8x42 yatosha darasa zima, kwa zamu.

Ila Rusizi iko mpakani, na kifaa hiki wengi wamezoea kukiona shingoni mwa askari. Karibu na forodha au kambi ya jeshi kibaki mkobani. Walimu, tangulieni kuongea na wahusika wa hifadhi, mwende na mwongozaji wao.