Kikapu cha Sokoni na Sahani ya Mtoto

Zamani bibi zetu wa Mara walibadilishana ulezi na mtama kwa samaki wa ziwani. Kisha fedha ikaingia nyumbani. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao, kwa rupia. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Meli zikazunguka ziwa, Musoma ikawa bandari. Madukani kukawa na chumvi, majembe na nguo za amerikani. Rupia ikaondoka, shilingi ikaja mwaka 1921. Lakini shilingi ilitoka wapi? Ilitoka ghalani na zizini: nafaka, ngozi na samli. Samli ikaenda dukani, watoto wakabaki na maziwa yasiyo na mafuta.

Je, sisi tumebadilika? Tukipima watoto kliniki hapa Bunda, tunakutana na mama aliyeuza mayai na maziwa yote, akarudi na soda na biskuti. Mstari kwenye kadi ya mtoto haupandi. Hatumlaumu, daftari na sabuni vinadai fedha.

Tunashauri hivi: kabla kikapu hakijatoka mlangoni, tenga kwanza yai la mtoto, kikombe chake cha maziwa na ulezi wa uji. Kinachobaki ndicho cha soko. Kaa na baba watoto mkubaliane, ili usiulizwe fedha imepungua kwa nini. Akiba haiozi, na akiba ya kwanza ni afya ya mtoto.