Zambarau Si Rangi Tupu: Deni la Kiswahili kwa Sayansi ya Chakula

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema kinatembezwa. Vyakula vya rangi ya zambarau na nyeusi vinanadiwa kuwa "viondoa sumu" na tiba ya kila ndwele. Kosa hili si la wachuuzi pekee. Ni la lugha iliyoachwa bila istilahi faafu.

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Jina lenyewe la rangi, zambarau, latokana na tunda la mzambarau, mti wenye asili ya bara Hindi. Mtoto aliyelila hawezi kukana, ulimi humsaliti. Kinachoupaka ulimi huo ni anthosiani, rangi asilia iyeyukayo majini, ipatikanayo pia katika ganda la biringanya na katika majani ya chai ya zambarau aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011. Anthosiani huwa nyekundu penye asidi na huelekea buluu asidi ipunguapo. Ndiyo maana chai hiyo hubadilika rangi ikikamuliwa limau. Wala si kila cheusi kina anthosiani: weusi wa majani ya chai ya kawaida hutokana na kuoksidishwa kiwandani.

Katika maabara, anthosiani huzituliza radikali huru, yaani chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake. Mwilini mambo ni tofauti: kiasi kidogo tu hufyonzwa, na haijathibitishwa kwamba huponya saratani au kisukari. Aidha, radikali huru si sumu iliyoliwa. Mwili wenyewe huzizalisha. Tafsiri za mashine nazo huziita "itikadi kali", kana kwamba zina chama cha siasa!

"Kizuiaoksidishaji" ni neno zito, lakini halidanganyi. Wapo watakaodai kuwa litamlemea mkulima. Mkulima huyohuyo hutamka naitrojeni na fosfeti anunuapo mbolea. Alichohitaji ni maelezo, si neno fupi.

Idara za Kiswahili na za sayansi ya chakula hazina budi kuketi meza moja. Mgonjwa anayeacha dawa kwa kuamini kikombe cha chai hakuponzwa na chai. Ameponzwa na neno.