Baniani na Kiatu Chake

Iko methali moja ambayo vijana wa pwani yafaa waiache: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mtu hutukanwa, na kitu chake hutumiwa. Methali hii imetuzoeza kupokea bila ya shukrani, na kuishi na jirani bila ya kumjua.

Ewe msomaji, ukipita barabara ya Langoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, utaliona hekalu jeupe la marumaru. Ni la Wajaini, nalo lilijengwa mwaka 1963. Wengi husema, "La Mabaniani," jina walilopewa wafanya biashara wa Kihindi wasio Waislamu, kisha hupita. Kutaja jina si kujua. Dini ya Kijaini yakataza kudhuru kiumbe chochote chenye uhai, hata mdudu. Kwa hiyo viatu huvuliwa mlangoni, na kitu cha ngozi hakitakiwi ndani. Kiatu tunachokisifu ndicho kiachwacho nje. Yaliyomo ndani hatuyaulizi.

Wajaini husimulia kwamba walimu wao wakuu ni 24, na wa mwisho wao ni Mahavira. Kila mmoja wao alipopata ujuzi kamili, alijengewa baraza la kufundishia liitwalo samavasarana. Lilikuwa na kuta tatu, moja ndani ya nyingine, na milango pande zote nne. Mwalimu aliketi katikati, na kila msikilizaji alimwona uso kwa uso. Watu waliketi na wanyama, simba kando ya ng'ombe, na kila kiumbe alifahamu mafundisho kwa lugha yake. Hekalu la Wajaini ni mfano wa baraza hilo.

Wako wasemao kuwa kusikiliza mafundisho ya wengine ni kuuza imani yako. Hoja hiyo naikataa. Simba wa baraza lile hakugeuka ng'ombe. Aliacha kumrarua tu. Aliyekaa darsani msikitini, au aliyefundishwa kanisani, ajua tayari adabu ya kuketi na kusikiliza. Adabu hiyo haipungui akiitumia kwa jirani. Ipunguayo ni dharau, nayo haina faida kwa dini yoyote.

Basi, omba ruhusa kwa wenyewe, vua viatu, ingia kwa heshima, uliza. Utakapotoka, kiatu chako utakikuta mlangoni, na jirani yako utamwita kwa jina lake.