Picha ya Kutoka Ukumbini Isitutoe Sitara



Mfunguo mosi ukiingia tu, Unguja nzima harusi. Biharusi wa leo ana orodha ndefu: gauni, ukumbi, mpambaji, keki, hina. Sasa limeongezeka jengine, nalo ni "kutoka". Wageni wanapangwa mistari miwili mlangoni, wanapewa fataki ndogo za kushika mkononi au mawaridi ya kurusha, maharusi wanapita katikati, wanarudishwa, wanapita tena. Yote hayo ili ipatikane picha.

Sipingi picha, wala sipingi furaha. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, na imo katika Sahihi Bukhari, kwamba alipompeleka biharusi kwa mume wake wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) aliuliza kama kulikuwa na burudani, kwa kuwa Maansari wakiipenda. Basi kumsindikiza biharusi kwa shangwe si jambo la kuonea haya. Ninachosema ni kimoja: kutoka kupangwe kwanza kwa ajili ya sitara na kuagana. Picha ifuate nyuma.

Tuanze na sitara. Ukumbi wa wanawake ni pahala tunapovua mabuibui. Wifi kaachia nywele na shangazi kavaa gauni la mikono mifupi, kwa sababu kadi imesema ni wanawake watupu. Hiyo ni amana aliyoibeba mwenye harusi. Halafu, kwa ajili ya picha ya kutoka, mlango unafunguliwa ghafla. Bwana harusi anaingia na wapambe wake, mpiga picha wa kiume yuko nyuma yao, na wageni wanahangaika kutafuta mitandio. Anayeponea kamera haponei simu. Kabla ya alfajiri picha iko kwenye makundi ya WhatsApp, Muscat mpaka London, na aliyeonekana hakuulizwa.

Dawa yake ni kutoka mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani, wanawake kwa wanawake, na mpiga picha ni mwanamke. Hapo ndipo pa vigelegele, mama na somo pembeni yako, chetezo cha udi mbele, mrashi ukinyunyiza marashi, asumini kichwani. Simu zikusanywe mlangoni au ziwe mikobani. Bibi yuko Muscat na anataka kuona? Achaguliwe mtu mmoja tu wa kumpigia, na amwoneshe biharusi, si ukumbi mzima. Kisha mshereheshaji atangaze, watu wapewe dakika 10 wajistiri, ndipo bwana harusi aingie. Kutoka kwa pili ni huko nje: buibui limevaliwa, gari liko tayari, mambo ni mafupi.

Na mpiga picha muandikiane kabla: picha ni zenu, haziweki kwenye kurasa zake bila idhini, na za wageni hazitoki kabisa.

Hizo fataki nazo tuziangalie vizuri. Zinawaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na ile fupi haifiki dakika moja imeshazimika. Sasa fikiria wanawake 50 wamebanana na mabuibui ya nailoni, watoto miguuni, pengine katika kichochoro cha Mji Mkongwe ambacho gari haliingii, chini ya nyumba zilizoezekwa kwa boriti. Mrashi hautaki kiberiti, na kwenye picha unapendeza vilevile.

Wengine wanataka picha za jua likizama Forodhani. Jua la Unguja huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, mwaka mzima. Maana yake ule mwanga mzuri unagusana na Magharibi, na jioni ndiyo wakati Forodhani inapojaa wauza vyakula, watalii na kamera zao. Kwa hiyo pigeni mapema, baada ya Alasiri, kwenye ua wa nyumba au juu ya paa lililozungushiwa ukuta. Ikifika adhana muwe mmeshamaliza. Ndoa isianze kwa kuipisha sala.

Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kuagana kwenyewe. Nimesikia ukumbini: "Rudia mama, hukuangalia kamera." Mama alikuwa akilia kwa sababu mwanawe anaondoka nyumbani, akaambiwa alie upya. Ile dakika ndiyo ya dua, ya mkono kichwani, ya neno la mwisho la sikioni. Mpiga picha anayejua kazi yake ataipata akiwa amesimama mbali. Asiyejua, bora aikose, kwa sababu mama hawezi kukuaga mara ya pili.

Mwanangu biharusi, kaa na mama na somo wako wiki moja kabla, mkubaliane nani anafungua mlango, nani anakusanya simu, nani anakuvisha buibui. Waambie na upande wa mume, wasije wakaingia kwa kushtukiza. Hilo halikugharimu hata shilingi, na wageni wako watarudi makwao sitara zao zikiwa salama.

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zenu na awakusanye katika kheri. Amin.