Kijivu Kiacheni Huku Huku Leeds

Nimepotea kidogo, zamu za usiku zimenibana, lakini mada hii imenikaa kooni wiki ya pili sasa. Bora niiseme hapa mbele ya wote kuliko kuendelea kubishana na mmoja mmoja kwenye simu.

Kila anayejenga huko nyumbani ananiomba kitu kimoja: "Bro, turushie picha za ndani ya nyumba za huko." Na kabla sijatuma, ananitumia yeye za kwake alizookota kwenye intaneti. Ukuta kijivu. Kochi kijivu. Zulia kijivu, pazia kijivu, na mto mmoja wa njano katikati kama kiini cha yai. Nyumba ya binamu Kigamboni iko hivyo, ya rafiki yangu Mwanza iko hivyo, na sasa mnataka nyumba ya mama pale Tanga nayo iwe hivyo. Hapo mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Kwanza mjue kwamba huku kwenyewe wengi wetu hatuishi ndani ya hizo picha. Nyumba za kupanga Uingereza kwa miaka mingi zimepakwa rangi moja wanayoiita magnolia, weupe uliochafuka kidogo, kama maziwa yaliyodondoshewa chai. Ninayoishi mimi ndiyo hiyo, na mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani, sembuse brashi. Kijivu kilikuwa fasheni ya miaka ya 2010 na fasheni yenyewe imeshaanza kuchosha watu. Kampuni ya Pantone, ambayo kila mwaka hutangaza rangi ya mwaka, kwa 2025 ilichagua kahawia waliyoiita Mocha Mousse. Yaani Wazungu wamezunguka weee, wamerudi kwenye rangi ya ukuta wa udongo wa bibi! Nyie ndio mnaanza kununua kijivu.

Lakini fasheni si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni jua.

Leeds iko karibu nyuzi 54 kaskazini ya ikweta. Desemba jua linachomoza baada ya saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 jioni limeshazama. Hata adhuhuri linatambaa chini chini juu ya mapaa kama mtu anayeogopa kuonekana. Chumba chenye dirisha la kaskazini hakipati jua la moja kwa moja karibu mwaka mzima, na mwanga wake una ubluu fulani wa baridi. Watu wa Sweden na Denmark walianza kupaka vyumba vyao vyeupe kwa sababu kama hizo, wanaokoteza kila chembe ya mwanga. Rangi zao zimejibu swali la kwao.

Tanga iko nyuzi 5 kusini. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Kwa hiyo sisi tunajenga baraza, tunashusha paa, tunaweka nondo na nyavu za mbu, tunapanda mwembe mbele ya dirisha. Matokeo yake nje kunaunguza macho lakini sebuleni ni gizagiza, na mwanga unaoingia umeshagonga ardhi nyekundu au majani ndipo ukaingia. Ingieni sebule ya mama saa 8 mchana mtaniambia. Sasa weka kijivu humo. Kitaonekana kama plasta inayosubiri rangi, na jirani atauliza mnamaliza lini kujenga.

Usiku ndio balaa zaidi. Huku sebuleni wengi wanatumia balbu zenye mwanga wa manjano, zimeandikwa 2700K. Huko nyumbani dukani utapewa ile nyeupe kali ya 6500K kwa kuwa "inaangaza sana". Kijivu chini ya taa ile ni wodi ya hospitali. Hata rangi nzuri itaharibika chini yake, kwa hiyo mkinunua taa msisahau kusoma hiyo namba kwenye boksi.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye hizo picha halimo, nalo ni macho ya mama. Mama yuko juu ya miaka 70. Jicho likizeeka lenzi yake inakuwa na umanjano, linahitaji mwanga mwingi zaidi, na linashindwa kutenganisha rangi zinazokaribiana. Sakafu ya kijivu, ukuta wa kijivu na kile kingazi cha kushukia jikoni nacho kijivu: huo ni mtego, wala si urembo. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee huku. Tunafundishwa ukingo wa ngazi uwe na rangi tofauti kabisa na sakafu, fremu ya mlango isifanane na ukuta, na hata kiti cha choo kisiwe rangi moja na vigae. Mtu akianguka akavunjika nyonga umri ule, jamani, tusiombe.

Najua mdogo wangu atasema rangi rangi ni ushamba. Hili neno "ushamba" ndilo limetufikisha hapa. Huku kuna kampuni ya rangi za bei mbaya, Farrow & Ball, ina kijivu inakiita Elephant's Breath, yaani Pumzi ya Tembo. Tembo! Kama kuna watu wenye haki ya kusema pumzi ya tembo ina rangi gani ni sisi, na hatujaulizwa.

Mnataka mfano wa kuiga? Vukeni bahari muende Mji Mkongwe, Unguja, au muangalie nyumba za zamani za Lamu. Kuta nene za mawe ya matumbawe zimesilibwa chokaa nyeupe. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, haufiki sana mita 3. Chumba chembamba, kirefu, chenye kiza. Wazee wale wakakipaka chokaa ili mwanga kidogo unaoingia usambae, wakachonga zidaka ukutani na kupanga sahani na vyombo vya rangi humo. Ukuta mtulivu, rangi kwenye vitu. Mlango mzito wa mbao nyeusi ukakamilisha. Hawakuwa na jarida wala picha ya mtu, walitazama chumba chao.

Kwa anayeogopa kuchanganya rangi, kuna mwalimu ndani ya sanduku la mama: kanga. Ichukueni moja muitandaze. Rangi ni mbili au tatu tu, nadra nne, na zimeshagawiwa. Kuna inayotawala, kuna ya pili inayoishika, na kuna kidogo ya kuchangamsha. Wasanifu wa huku wana kanuni yao ya 60, 30 na 10 kwa mia, wanaiuza kama siri kubwa. Mama zetu wanaivaa! Rangi inayotawala muipunguze sana kwa nyeupe ndipo iende ukutani, ya pili iende kwenye mapazia na makochi, ile ya tatu kwenye mito na vyombo. Msiibandike ukutani kwa ukali ule ule wa kitambaa, kwani rangi ikishaenea kuta nne zinamulikana na inazidi kukolea kuliko ilivyokuwa kwenye kadi ya dukani.

Nje sina maneno mengi. Kijivu cheusi kwenye ukuta wa nje pale Tanga ni kukaribisha joto ndani na kulipia umeme wa feni. Pakeni rangi nyepesi, na chini, kama futi 2 kutoka ardhini, mkanda wa kahawia wa rangi ya mafuta, kwa ajili ya tope la masika.

Na mama ameshasema anataka nini, ila hamkumsikia kwa sababu hakutuma picha. Amesema mara mbili kwenye simu: kijani, "kama jani changa la mgomba". Pesa tumechanga sisi, sawa, lakini atakayeamka humo kila siku ni yeye.

Kwa hiyo mdogo wangu, fundi asianze Jumatatu. Nunua kopo ndogo tatu: kijani hicho kilichopunguzwa, nyeupe ya maziwa, na hicho kijivu chako pia, usije ukasema nimekuonea. Apake vipande vya futi 3 kwa 3, mikono miwili, kimoja ukuta wa dirishani na kimoja ukuta wa mbali. Mama avitazame asubuhi, saa 8 mchana, na usiku taa ikiwaka, kwa siku mbili. Akichagua nipigie, ya ndoo za lita 20 natuma siku hiyo hiyo.